Mvutano na mchapuko: kwa nini anayeanguka hahisi uzito ilhali aliyesimama anauhisi

Mizani (mtoa mada)

Wanajamvi, salaam. Nimefundisha fizikia ya sekondari kwa muda mrefu, na kila darasa linapofika kwenye mada ya mvutano huibuka swali hili: kama Dunia inavuta kila kitu, mbona wanaanga walio katika kituo cha kimataifa cha anga wanaelea? Jibu linalotolewa kwa haraka ni kwamba huko juu hakuna mvutano. Jibu hilo si kweli, na kwa kuwa linaficha mojawapo ya mawazo makubwa kuliko yote katika fizikia, nimeona nifungue uzi tulijadili kwa utulivu.

Kituo hicho huzunguka kwenye kimo cha kilomita 400 hivi. Kutoka katikati ya Dunia hadi usoni pake ni takriban kilomita 6,371, kwa hiyo kupanda kilomita 400 zaidi ni kusogea kidogo tu, na ukikokotoa kwa kanuni ya Newton utaona kwamba mvutano wa huko bado ni karibu asilimia 89 ya ule tulio nao hapa chini. Wanaanga wanaelea kwa sababu wao, kituo chao, maji yao ya kunywa na kalamu zao vyote vinaanguka pamoja kwa mchapuko uleule, yaani mwendo wao hubadilika kwa kiasi kilekile kila sekunde, huku mwendo wao wa pembeni wa karibu kilomita 7.7 kwa sekunde ukiwafanya waikose Dunia daima. Hakuna kinachokigandamiza kingine, na pasipo kugandamizwa hapana kuhisi uzito.

Anayetaka ushahidi wa karibu anao mfukoni. Simu nyingi za kisasa zina sensa ya mchapuko, ambayo ndani yake mna kipande kidogo mno cha silikoni kilichoshikiliwa na vijiti vinavyonepa, na kinachopimwa ni jinsi kipande hicho kilivyohama kutoka mahali pake. Pakua programu ya bure inayoonyesha usomaji wa sensa, kisha ilaze simu mezani. Itasoma karibu mita 9.8 kwa sekunde kila sekunde, kuelekea juu, ingawa simu imetulia tuli. Sasa iachie kutoka kimo cha mita moja na robo juu ya godoro nene, huku programu ikirekodi. Kwa ile nusu sekunde ambayo simu iko hewani, usomaji utashuka hadi karibu na sifuri.

Tafakarini matokeo hayo bila haraka. Chombo kilichotengenezwa kupima mchapuko kinasema kwamba simu iliyo mezani inachapuka na inayoanguka haichapuki. Wapo wanaoeleza kwamba sensa huchanganya mvutano na mchapuko kwa udhaifu wa kiufundi. Mimi nasema haijachanganya chochote, na ninachotaka kuonyesha hapa ni kwamba hakuna sensa, iwe ya bei gani, itakayoweza kuvitenganisha viwili hivyo ikiwa imefungiwa ndani ya chumba kidogo.

Mizani (mtoa mada)

Naendelea, kwa sababu bila kipande hiki cha historia yanayofuata yataonekana kama mchezo wa maneno.

Tungamo la kitu, yaani kiasi cha maada kilichomo ndani yake, hufanya kazi mbili ambazo kwa mtazamo wa kwanza hazihusiani. Kazi ya kwanza ni kukipa kitu ukaidi dhidi ya kubadilishwa mwendo, ule unaofanya lori lililosheheni kokoto liwe gumu kulisukuma hata kwenye barabara tambarare. Kazi ya pili ni kuamua Dunia ikivute kitu hicho kwa kani kiasi gani. Kitu chenye tungamo maradufu huvutwa maradufu, lakini pia huwa kikaidi maradufu, na mambo hayo mawili yanapofutana, vitu vyote huanguka kwa mchapuko mmoja. Umeme hauko hivyo hata kidogo. Elektroni na protoni zina chaji zenye ukubwa uleule, lakini tungamo la protoni ni karibu mara 1,836 ya lile la elektroni, na zikiwekwa katika uga mmoja wa umeme elektroni huchapuka mara 1,836 zaidi. Kwa nini mvutano peke yake hauna upendeleo? Katika mekanika ya Newton usawa huo unakubaliwa tu kwa kuwa umeonekana, hauna sababu.

Newton mwenyewe hakulichukulia jambo hili kwa imani. Katika kitabu chake cha mwaka 1687 anaeleza alivyotengeneza pendula mbili zenye visanduku vya mbao vinavyolingana, akajaribu ndani yake dhahabu, fedha, risasi, kioo, mchanga, chumvi, mbao, maji na ngano, na hakuona tofauti ya kubembea hata ya sehemu moja kati ya elfu. Mwishoni mwa karne ya 19 Loránd Eötvös wa Hungaria, akitumia fimbo iliyoning'inizwa kwa waya mwembamba, alifikia sehemu moja kati ya milioni 20. Tarehe 2 Agosti 1971 mwanaanga David Scott wa Apollo 15 aliachia nyundo na unyoya wa kozi kwa wakati mmoja juu ya uso wa Mwezi, ambako hakuna hewa ya kuuchelewesha unyoya, na vikatua pamoja. Ufaransa nayo ilirusha setelaiti ya MICROSCOPE mwaka 2016, ikiwa na silinda za titani na za aloi ya platini zilizoachwa zianguke kuizunguka Dunia, na matokeo ya mwisho yaliyotolewa mwaka 2022 hayakuonyesha tofauti yoyote hadi kufikia takriban sehemu moja kati ya 1 yenye sifuri 15 nyuma yake. Sijui kipimo kingine cha swali sahili kiasi hiki kilichofanywa kwa uangalifu mkubwa namna hiyo.

Mwaka 1907 Albert Einstein, aliyekuwa bado mtumishi wa ofisi ya hataza mjini Bern, aliwaza kwamba mtu anayeanguka kwa uhuru hahisi uzito wake mwenyewe. Baadaye aliliita wazo hilo lenye furaha kuliko yote maishani mwake. Alichofanya ni kukataa kuuona usawa wa kazi hizo mbili za tungamo kama sadfa. Fikirini chumba kisicho na dirisha kilichotua ardhini, na kingine cha namna hiyohiyo ndani ya roketi iliyo mbali na sayari zote, ikichapuka kwa mita 9.8 kwa sekunde kila sekunde. Achia mpira wa chuma na mpira wa mbao katika chumba cha pili. Hakuna kinachoivuta, sakafu ndiyo inayopanda kuifuata, na kwa kuwa ni sakafu moja, inaifikia mipira yote miwili kwa wakati mmoja bila kujali imetengenezwa kwa nini. Kitendawili cha Newton hapo kimekwisha. Kama mvutano na mchapuko wa chumba ni jambo moja, vitu vyote lazima vianguke sawa. Wazo hilo ndilo linaloitwa kanuni ya usawa.

Fundi wa Ghorofa

Mwalimu, nashukuru kwa uzi huu. Kazi yangu ni kufunga na kukarabati lifti, na hilo la chumba kisicho na dirisha nalijua kwa mwili wangu. Lifti ya abiria mara nyingi huanza kupanda kwa mchapuko wa karibu mita 1 kwa sekunde kila sekunde, na mtu wa kilo 70 akisimama humo juu ya mizani ya bafuni ataona kama kilo 77 kwa muda mfupi, kisha 70 lifti ikishashika mwendo wake, kisha kama 63 inapopunguza mwendo karibu na ghorofa ya kushukia. Hadi hapo tuko pamoja.

Ninapokwama ni hapa. Katika lifti ipo mota inayovuta kamba, na mimi naiona. Ardhi haina mota. Ukiniambia kwamba sakafu ya nyumba yangu inachapuka kwenda juu, na aliye upande wa pili wa Dunia naye sakafu yake inachapuka kwenda juu kwake, basi Dunia ingekuwa inavimba. Lakini haivimbi. Huo mchapuko uko wapi?

Mizani (mtoa mada)

Fundi, hapo umegusa mahali ambapo wengi huliacha somo hili, na ni pale hasa panapostahili kukaa.

Nianze na mota. Ardhi inayo. Ni ubishi wa miamba dhidi ya kubanwa, ambao chanzo chake ni kani za umeme kati ya atomu. Miamba ya chini inaisukuma ya juu, ya juu inausukuma msingi wa nyumba, msingi unaisukuma sakafu, na sakafu inasukuma nyayo zako. Msukumo huo ni wa kweli na unapimika. Ndio huo unaosomwa na mizani ya bafuni. Kinachokosekana katika maisha yako yote ni mtu wa kukuonyesha kani ya kwenda chini inayokugusa. Unachokihisi ni sakafu tu.

Sasa kuhusu kuvimba. Tumezoea kudhani kwamba kuchapuka ni lazima umbali ubadilike. Dhana hiyo ni sahihi iwapo njia zilizonyooka haziwezi kukaribiana zenyewe. Chukua wasafiri wawili, mmoja anaondoka Nanyuki na mwingine Mbandaka nchini Kongo, miji iliyo karibu kabisa na ikweta, na wote wanaelekea kaskazini moja kwa moja. Mwanzoni njia zao ziko sambamba. Hakuna anayekata kona wala kumvuta mwenzake, lakini watazidi kukaribiana hadi wakutane kwenye ncha ya kaskazini, kwa sababu uso wa Dunia umepinda. Mmoja wao akitaka kubaki umbali uleule kutoka kwa mwenzake, itambidi ageuze usukani daima kuelekea nje.

Nadharia aliyoikamilisha Einstein mjini Berlin mnamo Novemba 1915 inasema kwamba nafasi na wakati, vikichukuliwa pamoja, vimepindwa na tungamo la Dunia, na kwamba kitu kinachoanguka kwa uhuru ndicho kinachofuata njia iliyonyooka. Njia hizo zilizonyooka huelekea ndani, katikati ya Dunia. Sakafu yako inakataa kuzifuata, na ili ibaki palepale ilipo jana na juzi ni lazima isukumwe kuelekea nje bila kukoma. Kwa hiyo mchapuko upo na kuvimba hakupo. Katika nafasi na wakati vilivyopinda, kusukumwa nje ndiyo gharama ya kubaki mahali pamoja.

Niongeze jambo moja la kujaribu, kwa sababu kanuni hii hutabiri mambo ambayo hisia zetu huyakosea. Beba puto la heliamu ndani ya gari lililofungwa madirisha, ulishike kwa uzi. Dereva akiongeza mwendo, abiria wote husukumwa kwenye migongo ya viti, lakini puto huegemea mbele. Anayefikiria kani mojamoja atahangaika na hewa inayorundikana nyuma. Anayefikiria kwa kanuni ya usawa atasema tu kwamba ndani ya gari "chini" kumeinama kuelekea nyuma, na puto la heliamu daima huenda kinyume na "chini". Gari likichapuka kwa mita 2 kwa sekunde kila sekunde, mwinamo huo ni kama nyuzi 11 na nusu, na maji yaliyo ndani ya chupa yatainama kwa pembe hiyohiyo.

Binti Hesabu

Nimelifanya jaribio la simu kwa kutumia godoro. Mezani nimepata 9.79. Hewani sikupata sifuri kamili: usomaji ulianza chini kabisa, kisha ukapanda kidogo kidogo hadi kama 0.5 kabla ya simu kutua. Je, kanuni imeshindwa?

Mizani (mtoa mada)

Haijashindwa. Ni hewa, na umeiona kazi yake waziwazi. Simu inapoanza kuanguka haina mwendo, kwa hiyo hewa haiisukumi. Inapokaribia godoro ina mwendo wa karibu mita 5 kwa sekunde, na ikiwa imelala bapa hewa inaizuia kiasi cha kuhisiwa na sensa. Iachie ikiwa imesimama kwa upande wake mwembamba, na hakikisha haizunguki, uone kama namba itapungua. Ndiyo maana majaribio ya uhakika hufanywa ndani ya minara iliyoondolewa hewa au katika setelaiti.

Mtoto wa Pwani

Ndugu Mizani, nimekufuata hatua kwa hatua na nina pingamizi moja. Unasema kila kinachoanguka pamoja hakihisi mvutano. Basi Dunia nzima inaanguka kuelekea kwenye Mwezi na kwenye Jua, na bahari inaanguka pamoja nayo. Kwa hoja yako tusingepaswa kuhisi chochote. Lakini sisi wa huku tunaishi kwa kujaa na kupwa. Maji hujaa mara mbili kwa siku, bamvua huja mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na maji mafu huja katikati yake. Kama mvutano wa Mwezi unafutwa na kuanguka, ni nini kinachoyanyanyua maji? Na kwa nini yajae mara mbili ilhali Mwezi hupita juu yetu mara moja?

Mizani (mtoa mada)

Hili ndilo swali nililolitamani kuliko yote, kwa maana bahari inaonyesha mpaka wa kanuni hii vizuri kuliko chombo chochote cha maabara.

Tangu mwanzo nimesema "chumba kidogo", na udogo huo una uzito wake. Mvutano wa Mwezi haulingani kila mahali Duniani. Maji yaliyo upande unaoutazama Mwezi yako karibu nao zaidi kuliko kitovu cha Dunia, kwa hiyo huvutwa zaidi kidogo. Maji ya upande wa pili yako mbali zaidi, na huvutwa pungufu kidogo. Dunia inaanguka kwa mchapuko wa kitovu chake. Ukiutoa mchapuko huo kwa kila sehemu, kama kanuni inavyoruhusu, upande wa karibu hubaki na ziada ya kuelekea kwenye Mwezi, na upande wa mbali hubaki na upungufu, ambao ni sawa na ziada ya kuelekea kinyume chake. Bahari huelekea kujikusanya pande zote mbili, na Dunia inapojizungusha, kila pwani hupita kwenye pande hizo mbili. Kwa kuwa Mwezi nao unasogea katika njia yake, muda kati ya kujaa na kujaa huwa karibu saa 12 na dakika 25, ndiyo maana wavuvi huona maji yakichelewa kwa dakika 50 hivi kila siku. Umbo la bahari na la pwani huongeza au kupunguza kimo cha maji mahali na mahali, lakini chanzo ni hicho.

Angalia sasa Jua. Mvutano wa Jua juu ya Dunia ni mkubwa kuliko wa Mwezi kwa karibu mara 180. Kama kungekuwa na namna ya kuuhisi mvutano wenyewe, Mwezi usingekuwa na sauti yoyote baharini. Kumbe mchango wa Jua katika kujaa na kupwa haufiki hata nusu ya ule wa Mwezi. Mvutano wote wa Jua ulio sawa kila mahali umefutwa na kuanguka kwetu, na kilichosalia ni tofauti kati ya upande na upande, ambayo hupungua upesi sana kwa umbali: ukiuzidisha umbali mara mbili, mvutano hupungua mara nne lakini tofauti hiyo hupungua mara nane. Bamvua ni wakati ambapo masalia ya Jua na ya Mwezi yanajumlishwa. Maji mafu ni wakati yanapopunguzana.

Hapa ndipo mtazamo wa Einstein unapotuongoza kwenye ukweli mzito. Mvutano ule unaokubana kitini unaweza kuufuta kwa kujiachia uanguke. Masalia hayo hayafutiki kwa mwendo wa aina yoyote, na ndiyo alama halisi ya kupinda kwa nafasi na wakati. Kwa mtazamo wangu, anayesimama ufukweni wakati wa bamvua anatazama mvutano wenyewe kwa uwazi kuliko anayetazama embe likidondoka.

PCM wa Sita

Shikamoo Mwalimu. Nimesoma uzi wote. Naomba kuuliza: je, kanuni hii ni ya vitu vyenye tungamo peke yake, au inagusa na mwanga? Na kuna mahali popote inapotumika, ama ni ya kufikirika tu?

Mizani (mtoa mada)

Marahaba. Inagusa mwanga, na inagusa hata wakati.

Rudi kwenye roketi inayochapuka. Mwale wa mwanga ukiingia kwa tundu la ukuta mmoja, kabla haujaufikia ukuta wa pili sakafu imeshapanda, kwa hiyo aliye ndani huuona mwale ukipinda kuelekea chini. Kama roketi na Dunia havitofautiki, basi mwanga hupinda Duniani pia. Kiasi chake ni kidogo mno: katika umbali wa mita 300, ambao mwanga huukata kwa sehemu moja ya milioni ya sekunde, mwale hushuka kwa kimo kisichofika hata sehemu ya kumi ya upana wa atomu. Karibu na Jua hali ni tofauti. Mwaka 1911 Einstein alikokotoa kupinda huko kwa kanuni ya usawa peke yake, na mwaka 1915, alipoingiza kupinda kwa nafasi pia, akapata jibu kubwa maradufu. Wakati wa kupatwa kwa Jua tarehe 29 Mei 1919, wanasayansi wa Uingereza walipiga picha za nyota wakiwa Sobral nchini Brazili na katika kisiwa cha Príncipe, na vipimo vyao viliunga mkono jibu la pili. Zingatia jambo hili katika kujifunza kwako: kanuni ya usawa ni mlango, na ndani kuna nyumba kubwa zaidi.

Kuhusu wakati, fikiria mwanga unaotoka sakafuni mwa roketi kwenda darini. Unapofika, dari imeshaongeza mwendo na inaukimbia mwanga huo, kwa hiyo mawimbi huifikia yakiwa yameachana zaidi kuliko yalivyotoka. Aliye darini ataona saa ya sakafuni ikienda polepole. Kwa kanuni ya usawa, hivyo ndivyo ilivyo Duniani: saa iliyo chini huenda polepole kuliko iliyo juu. Robert Pound na Glen Rebka walilipima jambo hili katika Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1960, kwa mionzi ya gama iliyopita kimo cha mita 22.5 tu ndani ya jengo, na mwaka 2010 maabara ya vipimo ya Marekani mjini Boulder iliona tofauti hiyo kati ya saa mbili zilizopishana kimo kwa sentimita 33.

Matumizi yake unayashika kila siku. Setelaiti za GPS huzunguka kwenye kimo cha karibu kilomita 20,200, na saa zake hutangulia zetu kwa sehemu 45 za milioni za sekunde kila siku kwa sababu ya kimo, kisha huchelewa sehemu 7 kwa sababu ya mwendo wao, na zinabaki 38. Mwanga hukata zaidi ya kilomita 11 katika muda huo, na kwa hiyo mfumo husahihisha tofauti hiyo daima ili ramani ya simu ikuonyeshe barabara uliyopo.

Ukitaka zoezi la kujipima, chukua mchapuko wa 9.8, zidisha kwa kimo, gawanya kwa mraba wa kasi ya mwanga, kisha zidisha kwa idadi ya sekunde za mwaka mmoja. Tumia mita 5,895 za Kilimanjaro. Utapata kwamba saa iliyowekwa kilele cha Uhuru hutangulia ile iliyo ufukweni Dar es Salaam kwa karibu sehemu 20 za milioni za sekunde kwa mwaka. Leta hesabu yako hapa, hatua kwa hatua, na tutaikagua pamoja.